Moraa Leo Angechomwa

Sikukuu ya Mashujaa ya Oktoba ikikaribia, Wagusii tunakumbuka kwamba tulikuwa na shujaa. Wanasiasa wanapanda jukwaani, wengine wamevaa kofia za manyoya za kukodi, wanamtaja Otenyo Nyamaterere kwa sauti ya kutetemeka, na kabla ya kushuka wanaitaka Uingereza irudishe kichwa chake. Umati unapiga makofi. Nami nimeyapiga makofi hayo na nitayapiga tena, maana dai lenyewe ni la haki. Sina ugomvi na fuvu. Ugomvi wangu ni na mikono itakayolipokea.

Tuanze na historia, kwa sababu tunaipenda kwa maneno kuliko kwa kuisoma. Mnamo Septemba 1905 serikali ya kikoloni ilituma kikosi Gusii kuwaadhibu watu ambao kosa lao kubwa lilikuwa kutokukubali kutawaliwa. W. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwa katika msafara huo, aliusimulia katika kitabu alichochapisha 1936: bombomu lilivyofyatuliwa bila kupumzika hadi likapata moto wa kutogusika, na wenye mikuki walivyoanguka kwa mamia mbele ya askari. Ameandika bila haya, kama mtu anayesimulia siku njema ya uwindaji. Mwaka 1907 wakajenga kituo Getembe, palipo na mji wa Kisii sasa, wakamweka hapo kijana Mwingereza aitwaye Geoffry Northcote. Wazee wetu hawakuona sababu ya kuumiza ulimi kwa ajili yake, wakamwita Nyarigoti. Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki.

Northcote alipona. Waliokuja kumlipizia kisasi walichoma maboma, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu, wakaua. Taarifa zilipofika London zilimkuta mezani Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, mtu aliyekuwa ametoka kuzuru Afrika Mashariki miezi michache tu kabla. Hakuzifurahia. Aliandika kwamba watu 160 wameshauawa huku upande wao haujapoteza mtu mwingine, kwamba jambo hilo linafanana na machinjo, na kwamba Bunge likilinusa, mipango yao yote huku itaingia doa. Msomeni vizuri bwana huyo. Huruma imo katika maneno yake, lakini Bunge limetangulia mbele ya huruma. Mwaka huohuo akatoa kitabu kuhusu safari yake ya Afrika, kimejaa mandhari, reli na viboko. Leo ukienda kwenye mashindano ya mijadala ya shule zetu utasikia mtoto wa Kitutu, ukoo wa Otenyo, akimnukuu Churchill kuhusu ujasiri, na walimu wanatikisa vichwa kwa furaha. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba babu wa babu yake anaweza kuwa mmoja wa wale 160.

Northcote alipanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong, na chuo cha ualimu cha huko kikaitwa kwa jina lake. Otenyo, kwa simulizi la wazee wetu, alipigwa risasi hadharani, kichwa kikakatwa, kikavushwa bahari.

Anayedhani dai la kichwa ni ushamba na asome Mkataba wa Versailles wa 1919. Humo ndani, katikati ya mambo ya mipaka ya Ulaya na fidia za vita, mna kipengele kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa wa Wahehe kwa serikali ya Uingereza. Uingereza hiyohiyo! Fuvu lilirudi Kalenga 1954. Wanandi nao wanamdai kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyeuawa kwa hila na afisa Mwingereza Meinertzhagen Oktoba 1905, na mwaka 2006 walipata angalau fimbo zake. Kwa hiyo Waingereza wanajua kabisa kwamba kichwa cha mtu kina kwao. Wakiambiwa, waambiwe bila sisi kupiga magoti.

Haya. Sasa rudini kwenye hotuba zile za Oktoba, mtege sikio, mniambie ni nani hatajwi.

Hatajwi Moraa wa Ng'iti. Au akitajwa, anatajwa mbiombio, kama mpishi anayeshukuriwa mwisho wa harusi. Ilhali katika simulizi lenyewe, Otenyo hakuamka tu asubuhi moja akachukua mkuki. Moraa ndiye aliyewasimanga vijana wa Kitutu kwa woga wao. Moraa, mwanamke mzee, mwaguzi na mganga, ndiye aliyewapa dawa na maneno. Otenyo alikuwa kama mwanawe. Ule mkuki uliomwingia Nyarigoti ulitupwa na mkono wa kijana, lakini uamuzi ulitoka katika nyumba ya mwanamke mzee mwenye vibuyu.

Mchukueni mama huyo basi, mumlete Kitutu ya leo. Umri umekwenda. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Ana mizizi na majani ambayo jirani hawayajui. Anaota ndoto na kuzisema. Vijana wanaingia kwake usiku, na siku chache baadaye mmoja wao anafanya jambo la kutisha. Sasa ongeza mtoto wa jirani aliyeugua ghafla, na mpwa fulani ambaye amekuwa akilitazama shamba la mama huyo kwa muda mrefu. Moraa hamalizi wiki. Wangekuja vijana na petroli, wangekuja na kiberiti, na huenda mmoja wao angekuwa amevaa fulana yenye picha ya Otenyo.

Msiniambie natia chumvi. Jumapili ya tarehe 17 Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliokwenda umri walitolewa majumbani mwao, wakapigwa, wakachomwa moto na umati. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameugua, ikasemwa amerogwa, na hilo likatosha kuwa ushahidi, mashtaka na hukumu. Siku tatu baadaye ilikuwa Sikukuu ya Mashujaa. Taifa likakusanyika Wang'uru, Kirinyaga, bendera zikapepea, majina ya mashujaa yakasomwa. Marani palikuwa bado pananuka moshi.

Na mwaka 2008? Januari ya mwaka ule kamera za dunia nzima zilikuwa Kenya kwa sababu ya uchaguzi. Mpakani mwa Borabu na Sotik watu walikuwa wakikimbia mishale. Kufikia Mei kamera zilikuwa zimeondoka, na ndipo genge la vijana likapita nyumba hadi nyumba Kisii na orodha ya majina, likawachoma watu 11, wengi wao wanawake wazee. Iliripotiwa kwamba kulikuwa na daftari la shule, eti limeokotwa, lenye kumbukumbu za kikao cha wachawi: nani amehudhuria, nani atarogwa. Soma tena hapo. Kumbukumbu za kikao! Katika jamii inayojivunia elimu kama yetu, ambapo mzazi huuza ng'ombe wa mwisho ili mtoto amalize kidato cha nne, kusoma na kuandika kulipewa kazi ya kumpeleka bibi wa miaka 80 motoni.

Nimelifikiria sana daftari lile, na kila nikilifikiria linanirudisha kwenye tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible, ya 1953. Inahusu Salem, Marekani, mwaka 1692, ambako watu 19 walinyongwa kwa uchawi kwa sababu wasichana wachache walianguka na kupiga kelele. Miller hakuandika kwa mapenzi ya mambo ya kale. Aliandika kwa sababu Seneta McCarthy na wenzake walikuwa wakiwasaka wakomunisti, na njia ya kuponea ilikuwa ile ile ya Salem: taja wengine. Orodha. Kila msako wa wachawi una orodha. Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda Amerika kulijua hilo. Julai 1990, siku za Nyayo, yaani za Rais Moi, George Anyona, mwana wa Kitutu huko Nyamira, alikamatwa pamoja na wenzake watatu walipokuwa wameketi baa Nairobi. Wakashtakiwa kwa kikao cha uchochezi, wakahukumiwa miaka saba 1991. Watu wanne, meza, na serikali inayoona njama katika kila chupa ya bia. Walioishi enzi zile wanajua jirani alivyokuwa akimtazama jirani, na jinsi ilivyotosha mtu kusema fulani ni wa Mwakenya, lile kundi la siri la kupinga serikali. Nasi tuliokuwa tunalaani utawala ule kwa kunong'ona, vijijini mwetu tulikuwa na mahakama ya namna hiyohiyo, isiyo na wakili wala rufaa.

Kuna jambo jingine ambalo limekuwa likinikosesha raha, na halisemwi kwenye majukwaa kwa sababu linaunganisha aibu mbili. Mekatilili wa Menza, yule mama Mgiriama aliyewaapisha watu wake wasilipe kodi wala wasitoe vijana kwa wazungu, alipokamatwa 1913 alipelekwa uhamishoni wapi? Kisii. Yeye na Wanje wa Mwadori. Wakoloni walidhani wakimtupa huku milimani, kwenye mvua, mbali na bahari na lugha yake, atanyamaza. Mwaka 1914 wawili hao wakatoroka, wakakatiza nchi nzima kwa miguu hadi Ugiriama. Naye, kama Moraa, alikuwa mwanamke aliyekwenda umri, mjane, mwenye viapo na nguvu za kaya. Moraa na Mekatilili ndio mama wakuu wa upinzani katika pembe mbili za Kenya. Sasa nitajie kaunti mbili za Kenya zilizovuma zaidi kwa kuwaua wazee kwa jina la uchawi.

Kilifi na Kisii.

Siamini ni ajali. Dola la mkoloni lilipokutana na mwanamke mzee anayeweza kuwaamrisha vijana, halikuwa na jina la kumpa isipokuwa mchawi. Mwaka 1925 likatunga Sheria ya Uchawi, na sheria hiyo, wasomaji wangu, bado iko vitabuni mwetu. Haikutofautisha vyema mwaguzi, mganga na mrogi. Iliwamwaga wote katika kapu moja lililoandikwa ushenzi. Wafuasi wa Mumbo, dini iliyoingia Gusii kutoka Uluo muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza na kutabiri kwamba wazungu watatoweka, walisakwa, na viongozi wao wakahamishwa. Septemba 1914 Wajerumani walipovamia mji wa Kisii na Waingereza wakakimbia kwa muda, watu wetu waliona utabiri unatimia, wakaingia madukani na misheni kujichukulia. Waingereza waliporudi, walijilipa kwa ng'ombe. Baada ya hapo kila aliyeota ndoto alikuwa mshukiwa. Tulipopata uhuru tulibadilisha bendera, tukabadilisha majina ya barabara, tukabaki na macho ya Bwana DC wa mkoloni: tukimwona bibi mwenye vibuyu, tunaona adui.

Najua wapo watakaoruka hapa na kusema, kwa hiyo zamani kabla ya mzungu kulikuwa peponi? La. Watu walishutumiwa, na wengine waliuawa, kabla mzungu hajaonekana. Sitaki kumpaka mafuta babu yangu. Ninachosema ni kwamba zamani shutuma ilikuwa na pa kupelekwa: kulikuwa na wazee wa kusikiliza, kulikuwa na kiapo, kulikuwa na muda. Leo kuna simu, pikipiki na kituo cha petroli. Miaka ya Sungusungu, kundi la ulinzi wa vijiji ambalo jina lake tuliliazima Tanzania kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, tuliwazoesha vijana wetu kwamba wao ni polisi, ni hakimu na ni mnyongaji, mradi anayeuawa ni mtu tusiyempenda. Tuliwashangilia walipowamaliza wezi. Wezi walipopungua, mikono haikupoa.

Na huko Usukumani kwenyewe wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Jiko bovu linageuzwa kuwa ushahidi wa uchawi.

Nizungumze kuhusu filamu, kwa kuwa huko ndiko watu wetu wanakoelimishwa hasa. Vibanda vya video vya Keroka na Daraja Mbili vimefundisha historia kuliko shule nyingi. Waulize vijana wa hapo kuhusu William Wallace watakueleza yote, hadi rangi ya bluu usoni. Wameiona Braveheart ya 1995, mara kadhaa. Wanajua Waingereza walimuua Wallace London mwaka 1305, wakakikata kichwa na kukiweka darajani. Kichwa kimepelekwa London! Nani aliwaambia kwamba mkasa huo una ndugu yake hapa Getembe? Hakuna filamu ya Otenyo ya kuonyeshwa katika vibanda hivyo, wala ya Moraa. Kijana wa Nyamira anamlilia Mskoti na hajui mahali Northcote alipochomwa mkuki.

Lakini kwa kuwa tunawapenda Waskoti, tuwafuate hadi mwisho. Karibu miaka mia tatu baada ya Wallace, Skoti ilikuwa na mfalme mwandishi, James wa Sita, aliyechapisha kitabu chake kuhusu wachawi mwaka 1597 baada ya kujiaminisha kwamba wanawake fulani walitaka kuizamisha meli yake kwa dhoruba. Nchini mwake watu wapatao 4,000 walishtakiwa kwa uchawi kwa muda wa karibu karne mbili, na wengi wao waliuawa. Wengi wao walikuwa wanawake. James huyohuyo ndiye aliyeagiza ile tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotoka 1611, ambayo mhubiri wetu huinua juu anapofikia Kutoka 22:18, aya inayoamuru mchawi asiachwe hai. Machi 2022, waziri kiongozi wa Skoti, Nicola Sturgeon, alisimama bungeni akaomba radhi kwa wale wote waliouawa. Iliwachukua zaidi ya miaka 450 tangu sheria yao ya 1563. Sisi wafu wetu ni wa juzi. Watoto wao wapo, tunapanda nao matatu.

Filamu nyingine zinazotufundisha zinatoka Nigeria. Tangu Living in Bondage ya 1992 tumekuwa tukila chakula kimoja: utajiri wa ghafla umetoka kwa kafara, tumbo la bibi arusi limefungwa na mama mkwe, na yule kikongwe wa kona ya uwanja, mwenye shuka jekundu na kicheko kirefu, ndiye chanzo cha yote. Dakika za mwisho mchungaji anaingia, kikongwe anaanguka, muziki unapanda. Sisemi Wanigeria ndio waliowasha moto Marani. Nasema mtu aliyeona kikongwe akianguka mara mia, na kila mara umati ukishangilia, amefanyishwa mazoezi.

Dawa ya filamu mbaya ni filamu nzuri, na kwa bahati tunayo moja ya kwetu wenyewe. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ilipelekwa na Kenya kwenye kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2020. Kijana anarudi nyumbani Kilifi baada ya kuona kwenye Facebook kwamba nyanyake anaitwa mchawi na watu wa familia yake mwenyewe. Hakuna mizimu humo, hakuna muziki wa kutisha. Kuna shamba. Kadiri kijana anavyouliza ndivyo uchawi unavyopungua na ekari zinavyoongezeka. Nyanya mwenyewe anaendelea kulima. Nimeitazama nikiona majina ya Kigusii kila mahali palipokuwa na majina ya Kigiriama. Ni filamu iliyostahili kuzungushwa katika kila soko la Kisii na Nyamira, kutoka Kebirigo hadi Ogembo. Badala yake imezunguka Ulaya, ikapigiwa makofi na watu wasio na shamba lolote la kugombania huku.

Kwa maana kiini ni shamba. Hesabu ya watu ya 2019 iliwakuta watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii, karibu 960 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira 605,576. Baba aliyerithi ekari nne amewagawia wana watano. Wana nao wamewagawia wana wao. Mtu analima kipande ambacho akitema mate yanaangukia kwa jirani. Katikati ya hesabu hiyo ya kutisha kuna mjane mmoja, miaka 78, bado amekalia robo ekari yake yenye chai na migomba, na hana nia ya kufa. Katiba ya 2010 inamlinda. Mahakama ikimfikia itamlinda. Serikali inamtumia shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, ikikumbuka. Kumshtaki ni gharama, kumsubiri ni kuchosha. Kumwita omorogi, yaani mchawi, ni bure.

Wauaji wanajua hilo vizuri kuliko wachungaji wetu, kuliko machifu, na kuliko wale maprofesa wa mjini Kisii wanaotaka tujadili kwa upole kama uchawi upo au haupo. Sitaki mjadala huo. Amini unavyotaka, mimi nimekua nikisikia habari za wakimbiaji wa usiku kama wewe, na usiku wa giza nikisikia kishindo nje sitoki kwenda kuwahubiria sayansi. Ninachouliza ni hiki: mbona uchawi wa Gusii unawakaa wajane tu? Mbona haumkai mwenye lori kumi, au diwani, au yule aliyekula fedha za zahanati mpaka akina mama wakajifungulia njiani? Huyo ndiye aliyewaua watoto wa watu kwa wingi, na mchana. Sijaona umati ukipita kwake na kiberiti, na sitaki uende. Nataka tu mtu anieleze kwa nini uchawi una adabu hivyo, haupigi hodi kwenye nyumba yenye lango la chuma.

Kisha kuna wale wanaoniambia, ndugu yetu, unaianika jamii. Wageni watatucheka. Mnaogopa kuchekwa? Mwaka huohuo wa Marani, Julai, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa huko Geneva lilipitisha azimio la kupinga mateso na mauaji yanayotokana na shutuma za uchawi. Miezi mitatu kabla. Dunia imeshatuandika. Tukinyamaza hatuifichi aibu, tunawaficha wauaji. Na zaidi ya hayo, hatuko peke yetu katika jambo hili. Ghana, Julai 2020, mama wa miaka 90 aliuawa mchana kweupe katika soko la Kafaba huku watu wakirekodi kwa simu. Waghana walipandwa na hasira ambayo sisi hatukuwa nayo. Walipiga kelele, wakaandika, wakawasumbua wabunge, na Julai 2023 bunge lao likapitisha mswada wa kuifanya shutuma yenyewe kuwa jinai. Rais Akufo-Addo akakataa kuutia saini. Hata hivyo walifika hapo, wakagonga ukuta kwa kichwa chao.

Sisi tumefika wapi? Kule Kilifi watu wa utamaduni walifungua kimbilio Kaya Godoma, Ganze, ambako mzee aliyenusurika panga anaweza kulala. Ni jambo jema na ni jambo la kuhuzunisha, kwa sababu aliyeonewa ndiye anayehama na aliyemwonea anabaki akilima.

Ile sheria ya 1925, kwa ukoloni wake wote, ina kifungu kinachosema kumshutumu mtu kuwa mchawi ni kosa. Kifungu kipo, kimelala, kwa sababu chifu anayepaswa kukiamsha ndiye mwenye kupelekewa shutuma, na naye ana shamba, na naye ana mpwa. Sheria hiyo inapaswa kufutwa na kuandikwa upya, kwa lugha ya watu wazima, imwadhibu anayemwita mtu mchawi, anayeandika orodha, anayesambaza kwa simu, anayehubiri jina la mtu madhabahuni, na anayerithi ardhi ya aliyechomwa. Hasa huyo wa mwisho. Shamba la mama aliyeuawa likikaa miaka 20 bila kuguswa na ukoo uliomtoa, mtashangaa jinsi mapepo yatakavyohama Gusii usiku mmoja.

Nani apeleke mswada wa sheria hiyo mpya? Kisii ina wabunge tisa wa maeneo, Nyamira wanne. Ongeza wawakilishi wa wanawake wawili na maseneta wawili. Haohao ndio wanaotuahidi fuvu kila Oktoba. Anyona alikuwa mmoja tu bungeni, na mwaka 1977 alitiwa kizuizini kwa sababu ya mambo aliyoyaleta mezani, akakaa ndani hadi Kenyatta akafa na Moi akamwachilia. Hawa 17 hawatafungwa na mtu kwa kumtetea bibi wa Marani. Watapoteza kura, labda, za vijana wenye petroli na za wapwa wenye hamu ya ardhi. Waseme basi kama ni hizo wanazozihofia, wazitaje kwa kata na kwa kituo cha kupigia kura, ili sisi wengine tujue tulichaguliwa na nani.